Aliyeanguka Kura Anakula Nini? Daftari la Safari, Rumonge hadi Kabonga

Barabara ya Taifa Namba 3 hutoka Bujumbura ikashika ukingo wa Ziwa Tanganyika, milima kushoto, maji kulia, ikaenda hivyo hadi Nyanza-Lac. Nje kidogo ya jiji kuna jiwe la Mugere, mahali Livingstone na Stanley walipopita Novemba 1871. Gari letu halikusimama. Esansi, kama Warundi wanavyoita petroli, ilikuwa ya kuvizia, na dereva wa Probox aliyebahatika kupata lita zake hakuwa tayari kuziteketeza kwa ajili ya mtu wa kutazama mawe. Mbele kidogo ziwa lilipopanda lilimega kingo za lami, magari yanapishana kwa zamu.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Pwani hii naijua kwa upande wetu, na nilikuja upande wa pili na swali moja ambalo kwetu huulizwa kila baada ya miaka mitano kwa sauti ya chini: mwanasiasa aliyeishi kwa siasa, akianguka kura, kesho yake anakula nini? Marais wastaafu wanajulikana, magazeti yamewaandika. Nilitaka habari za ngazi za chini: mbunge wa kipindi kimoja, mkuu wa komine (ngazi ya utawala iliyo chini ya mkoa), diwani. Burundi ilikuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa mwaka 2025 ilipoteza viongozi wengi kwa mkupuo mmoja.

BUJUMBURA: HESABU KABLA YA SAFARI

Uchaguzi wa 5 Juni 2025 ulimalizika kwa chama tawala, CNDD-FDD, kutangazwa mshindi wa viti vyote 100 vya Bunge vilivyopigiwa kura, kwa zaidi ya asilimia 96. Bunge lililotangulia, la 2020, lilikuwa na wabunge 32 wa CNL na wawili wa UPRONA. Kwa usiku mmoja wa kuhesabu kura, upinzani wote ukatoka nje ya ukumbi. Agathon Rwasa, aliyeshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa rais wa 2020 kwa asilimia 24, alikuwa ameshaondolewa kwenye uongozi wa CNL tangu Machi 2024, na karatasi ya kura ya 2025 haikuwa na jina lake. CNL yenyewe ikaambulia chini ya asilimia moja.

Wakati huohuo ramani ya nchi ilichorwa upya. Mikoa 18 ikawa mitano, komine 119 zikawa 42. Mkoa wa Rumonge, uliozaliwa 2015 tu, umekufa ukiwa na miaka kumi. Rumonge mjini, Nyanza-Lac na Kabonga sasa viko chini ya mkoa wa Burunga. Toa 42 katika 119 utapata 77: viti 77 vya wakuu wa komine vimefutwa, bila kuhesabu magavana 13 na mabaraza yao. Hawa wengine hawakushindwa na mpinzani yeyote. Kiti chenyewe ndicho kilichoondolewa. Kwa familia inayokula mshahara wa baba, hakuna tofauti kubwa.

Na juu kabisa? Januari 2020, miezi michache kabla Pierre Nkurunziza hajaondoka, Bunge lilipitisha sheria ya kumlipa rais anayeng'atuka. Faranga bilioni moja taslimu, wakati huo zaidi kidogo ya dola nusu milioni za Marekani. Jumba la kifahari. Kwa miaka saba, marupurupu ya makamu wa rais aliye kazini, na baada ya hapo posho ya mbunge hadi kufa. Kura za ndiyo zilikuwa 98, za hapana mbili. Nkurunziza hakuwahi kuyaonja: alifariki 8 Juni 2020, kabla ya kukabidhi madaraka.

Nilitafuta kifungu kinachofanana na hicho, hata kidogo, kwa ajili ya diwani wa komine. Kila niliyemuuliza Bujumbura alicheka kwanza, ndipo akanijibu.

RUMONGE: MICHIKICHI HAIPIGI KURA

Rumonge ni mji wa mawese. Harufu yake hukupokea kabla ya nyumba ya kwanza. Vinu vidogo vya kukamulia vimetawanyika hadi uani mwa watu, madumu ya njano yamepangwa kando ya barabara, na mitaa ya Waswahili ina misikiti na vibanda vya chai ambamo mtu wa Ujiji hajisikii mgeni hata dakika moja. Kiswahili chao kina faranga, komine na mukeke (mgebuka) ndani yake, lakini utani ni uleule.

Hapo nilikaribishwa na mzee mmoja aliyekuwa mjumbe wa baraza la komine kwa vipindi viwili. Jina na chama chake naviacha. Alinikalisha kwenye mkeka, akaagiza chai ya tangawizi.

"Mzee, siku ulipotoka ulipewa nini?"

"Nilipewa mkono," akasema. "Wakaniambia asante. Mwanangu, mjumbe wa baraza analipwa posho ya kikao. Kikao kikiisha, na posho imeisha. Sasa watu wa mtaani wao wanadhani una sanduku la fedha chini ya kitanda. Harusi wanakuja, msiba wanakuja, mtoto wa jirani kafukuzwa shule wanakuja. Ukitoka kwenye kiti hawaachi kuja."

Kilichomsimamisha ni michikichi. Ekari yake aliipanda kabla ya siasa, na mchikichi ukishaanza kuzaa, mwaka wa tatu au wa nne, unakuendea miaka mingi mfululizo. Kuna msimu wa neema na msimu wa uchache, lakini hakuna mwezi mkavu kabisa. Anauza mikungu mingine na mingine anaikamua mwenyewe. Alinihesabia wenzake waliokuwa naye barazani. Mwenye duka amerudi dukani. Mwalimu alirudi darasani, baada ya barua nyingi. Mwenye mtumbwi amerudi ziwani. Wawili, ambao hawakuwa na kazi yoyote kabla ya siasa, wamehama. Mmoja yuko Bujumbura akisubiri aitwe na wakubwa.

"Akisubiri nini hasa?"

"Kuitwa," akarudia, kana kwamba sikusikia.

Hata hivyo usimwonee wivu mwenye shamba la Rumonge. Ardhi ya pwani hii ina kesi zake. Uasi wa 29 Aprili 1972 ulianzia hapa Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji ya kulipiza yaliyofuata yalikimbiza maelfu ya Wahutu kwenda Tanzania. Mashamba yao ya michikichi yakapewa wengine. Walipoanza kurudi miongo mitatu baadaye walimkuta mtu na hati, na mtu wa tatu aliyenunua kwa yule mwenye hati. Tume ya taifa ya ardhi ilifanya kazi miaka mingi kuamua nani atoke. Kwa hiyo hata ile akiba iliyo bora kuliko zote, mti uliopandwa na baba, hapa imewahi kunyang'anywa na siasa. Mzee wangu alilijua hilo. Hati yake aliihifadhi kwenye bahasha ya plastiki, na bahasha ndani ya bati la maziwa.

JUU MILIMANI: RUTOVU

Kutoka Rumonge ukitazama mashariki, milima ya Bururi inapanda kama ukuta. Huko juu kuna Rutovu, komine ya zamani iliyotoa marais watatu mfululizo: Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya. Sikupanda, lakini hesabu ya watu hao watatu lazima iingie kwenye daftari hili.

Micombero alipinduliwa 1976 akafia Somalia 1983, uhamishoni. Bagaza alipinduliwa 1987 akiwa Kanada mkutanoni, akazunguka Uganda na Libya, akarudi, akaanzisha chama, na mwishowe akapewa kiti cha Seneti kwa sababu tu aliwahi kuwa rais. Katiba ya 2005 ilifanya hivyo kwa marais wote wa zamani; Seneti ya 2015 ilikuwa na wanne wa aina hiyo. Iliyoundwa 2020 haikuwa nao tena.

Buyoya ndiye wa kutazamwa zaidi, maana yeye peke yake alishindwa kwa kura. Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda kwa karibu asilimia 65. Buyoya alikubali matokeo, akakabidhi nchi Julai, dunia ikampigia makofi. Alianzisha taasisi ya kuhubiri umoja, amani na demokrasia. Ndadaye aliuawa na wanajeshi 21 Oktoba mwaka huohuo, akiwa ametawala miezi mitatu na siku chache. Vita vikaanza. Julai 1996 Buyoya alirudi Ikulu kwa mapinduzi, akakaa hadi 2003. Baadaye Umoja wa Afrika ulimpa kazi ya kuwa mwakilishi wake Mali na Saheli. Oktoba 2020 mahakama ya Burundi ilimhukumu kifungo cha maisha, bila yeye kuwepo, kwa mauaji ya Ndadaye. Aliyakana mashtaka hayo, na Desemba ile alifariki kwa korona.

Watetezi wa mafao makubwa ya marais husema: mlipe vizuri, ataondoka kwa amani. Sioni jinsi habari za Rutovu zinavyowaunga mkono. Buyoya wa 1993 hakuwa na njaa. Kilichomrudisha hakikuwa bei ya maharage. Huko juu mtu anaogopa vingine: mahakama, kisasi, jeshi kubadilika mikono, kusahauliwa. Bilioni moja haimtoi mtu hofu hizo. Njaa yenyewe iko chini, kwa mjumbe wa posho ya kikao, na kule sheria haijafika.

NYANZA-LAC HADI KABONGA

Kusini ya Rumonge milima inasogea mbali kidogo na kuacha tambarare ya michikichi, mihogo na migomba. Nyanza-Lac ni mji wa soko. Nilikuta mwanamama aliyewahi kugombea kwa chama cha upinzani, akashindwa, na sasa anauza vitenge vinavyopitia Kigoma. Aliniambia jambo ambalo wanaume hawakunitajia: mkopo wa kampeni hauanguki pamoja na mgombea. Alikopa kwa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kura zilipohesabiwa, chama kilitoweka, simu za viongozi wa Bujumbura hazikupokelewa tena, na akina mama wa kikundi walikuja mlangoni kila Ijumaa. "Walikuwa na haki," alisema. "Fedha zilikuwa za ada za watoto wao." Amelipa kidogo kidogo kwa vitenge mpaka zikaisha.

Kabonga ni zaidi ya hapo, karibu na mwisho wa Burundi. Ni pwani ya wavuvi: nyumba za matofali, mitumbwi imefungwa miwili miwili kwa miti na wavu katikati, na ndagala wameanikwa wakimeta. Uvuvi wa ndagala ni wa taa na giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati taa, nyavu zinapumzika, na kila mtu hapa anajua kupanga matumizi yake kufuata mwezi. Kisha kuna mapumziko ya serikali. Nchi nne za ziwa hili zimekubaliana kusitisha uvuvi kwa muda kila mwaka ili samaki wazaane. Kwetu Tanzania 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu bila kipato, na kati ya wavuvi niliozungumza nao, pande zote mbili za mpaka, hakuna aliyelipwa hata senti kwa kukaa nchi kavu.

Hapo ndipo swali langu lilipogeuziwa kwangu. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza ndagala kwa ufagio alinisikiliza nikimweleza mwenyeji wangu habari za posho ya kumsaidia aliyeanguka kura. Akasimama.

"Baba, na mimi? Mume wangu kavua miaka thelathini. Mgongo umekwisha. Nani anamlipa? Hao waheshimiwa wamekula miaka mitano, halafu tuwalipe tena kwa kutokula?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani lipo. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa Burundi, INSS, umejengwa kwa ajili ya mwenye mwajiri na hati ya mshahara. Mvuvi wa Kabonga hana mwajiri isipokuwa ziwa. Mtu yeyote anayepeleka bungeni hoja ya kumlinda mwanasiasa aliyeshindwa aanze kwa kusimama mbele ya mama huyu na ufagio wake. Hoja isiyoweza kusemwa hapo isisemwe Bujumbura, Dodoma wala Nairobi.

Mwenyeji wangu, aliyewahi kuwa mkuu wa kilima, ngazi ya utawala iliyo chini ya komine, alicheka. Mwenyewe alifanya kazi ile bila mshahara, akisuluhisha mipaka ya mashamba na ugomvi wa wanandoa. Alipopoteza uchaguzi wa vilima wa 25 Agosti 2025, mkewe, kwa maneno yake, alichinja kuku. Kwake kushindwa kulikuwa nafuu: mumewe amerudi kwenye nyavu.

Hapa nikaona tofauti ambayo ofisini isingeonekana. Kiti kisicholipa chochote hakina wa kukililia. Kiti kinacholipa vizuri na kuacha utupu nyuma yake ndicho watu huuana kwa ajili yake.

KAGUNGA NA KIGOMA: KUSUBIRI MKEKA

Kutoka Kabonga hadi Kagunga, kijiji cha kwanza cha Tanzania, ni karibu. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana kwenye ufukwe huu mwembamba wakikimbia vurugu zilizofuata uamuzi wa Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Kipindupindu kikawakuta. Mlima nyuma, maji mbele, hapakuwa na barabara ya gari; meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani 1913, iliwabeba kwa mafungu hadi Kigoma. Miongoni mwa waliokimbia Burundi mwaka ule walikuwamo vigogo pia: makamu wa pili wa rais, Gervais Rufyikiri, na Spika Pie Ntavyohanyuma. Wao hawakulala Kagunga.

Nilirudi nyumbani kwa boti, nikiwa na macho mapya ya kuwatazama walioanguka wetu.

David Kafulila alikuwa mbunge wa Kigoma Kusini kwa NCCR-Mageuzi, 2010 hadi 2015, na alipata jina kubwa kwa kulifukua bungeni sakata la fedha za akaunti ya Escrow mwaka 2014. Mwaka uliofuata alitangazwa kushindwa na mgombea wa chama tawala, CCM. Alikwenda mahakamani, hakufanikiwa. Akapita Chadema, na mwishoni mwa 2017 akatangaza kuhamia CCM. 2018 aliteuliwa katibu tawala wa mkoa wa Songwe, 2021 mkuu wa mkoa wa Simiyu, na baadaye akakabidhiwa kituo cha serikali cha ubia na sekta binafsi. Simlaumu, ana kipaji, na nchi inakitumia. Ila njia aliyopita iko wazi kwa kijana yeyote wa upinzani anayeisoma.

Zitto Kabwe alichagua njia nyingine. Mwaka 2011, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikataa posho za vikao akisema mbunge ana mshahara tayari, na wenzake walimnunia. 2020 alipoteza Kigoma Mjini kwa mgombea wa CCM. Oktoba 2025 aligombea tena, na aliyetangazwa mshindi ni Clayton Revocatus, ambaye mjini kila mtu humwita Baba Levo. Zitto hakwenda upande wa walioshinda. Lakini Zitto ni mchumi mwenye jina, mwenye chama nyuma yake na milango ya nje ya nchi. Diwani wake wa Gungu au Buhanda aliyeanguka naye siku hiyohiyo hana hata kimoja kati ya hivyo.

Njia ya tatu tuliiona Novemba 2020. Halima Mdee, Ester Bulaya na Esther Matiko walikuwa wametangazwa kushindwa majimboni, Chadema ikayakataa matokeo yote na kusema haitapeleka mtu viti maalum. Wanawake 19 wa chama hicho, hao watatu wakiwamo, wakaapishwa. Chama kikawafukuza siku chache baadaye. Walikaa bungeni hadi muda wa Bunge ulipokwisha 2025, huku kesi ikizunguka. Kila mmoja ana maelezo yake ya kisiasa, nami nimeyasikia. Niliporudi kutoka Kabonga nilijiuliza tu: kama kuanguka kusingekuwa kuangukia kwenye utupu, wangapi kati ya 19 wangeinua mkono siku ile?

Mbunge wa Tanzania akimaliza miaka mitano hulipwa kiinua mgongo, na viongozi wa juu wana sheria yao ya mafao tangu 1999. Diwani, ambaye ndiye anayeamshwa usiku bomba likipasuka, huondoka na kiasi ambacho hata yeye huona aibu kukitaja. Ndiyo maana baada ya kila uchaguzi watu wetu husubiri mkeka, yaani orodha ya uteuzi kutoka Ikulu. Wakuu wa wilaya, makatibu tawala, wajumbe wa bodi. Usiku mkeka ukitoka simu hazilali. Aliyeona jina lake anamshukuru Mungu na Rais kwa pumzi moja. Asiyeliona anaendelea kusubiri, na anayesubiri haongei sana.

KANDO YA DAFTARI: MAJIRANI

Kenya. Mbunge aliyetumikia vipindi viwili ana pensheni, kwa mfuko anaouchangia. Agosti 2020 Bunge lilipitisha muswada wa kuwapa wabunge wa zamani, waliotumikia kati ya 1984 na 2001, angalau shilingi 100,000 kwa mwezi. Walisema baadhi yao wanaishi kwa kuombaomba. Hazina ililalamika, umma ukachukia. Upande wa uteuzi, Machi 2023 Rais Ruto aliwaapisha manaibu mawaziri 50, wengi wao waliobwagwa kwenye uchaguzi wa 2022. Julai Mahakama Kuu ikasema ofisi hizo zimeundwa kinyume cha katiba. Ni nadra kwa mahakama ya kwetu kuukunja mkeka mzima.

Uganda. Januari 2021 mawaziri wengi walianguka, pamoja na makamu wa rais Edward Ssekandi. Judith Nabakooba alipoteza kiti cha Mityana, na miezi michache baadaye akapewa wizara ya ardhi. Wakuu wa wilaya, wanaoteuliwa na rais, kwa miaka mingi wametoka kwenye kapu lilelile la walioshindwa.

Kongo, ng'ambo ya maji. Julai 2018 ilipitishwa sheria ya marais wa zamani: pensheni, walinzi, nyumba, na kiti cha seneta wa maisha kwa Joseph Kabila. Mei 2025 Seneti hiyohiyo ilimwondolea kinga, na Septemba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Usalama ulioandikwa na walio madarakani hufutwa na walio madarakani.

Ujerumani, kwa ajili ya kulinganisha. Mbunge anayeondoka hulipwa posho ya mpito: mwezi mmoja kwa kila mwaka aliotumikia, isizidi miezi 18, na kuanzia mwezi wa pili akipata kipato kingine kinakatwa humo. Akipata kazi haraka, serikali inaacha kulipa haraka. Uingereza nayo humpa aliyeshindwa malipo ya kupoteza kiti na, tangu uchaguzi wa 2024, miezi minne ya kufunga ofisi. Nchi hizo ni tajiri, lakini nilichokipenda Ujerumani si kiasi. Malipo yana mwisho, yana kipimo, na hayategemei kama rais anakupenda.

HUKUMU YA SAFARI

Nilipoweka kurasa zote pamoja niliona mambo matatu.

Kwanza, katika ukanda wetu usalama wa aliyeanguka kura umetungwa kwa ajili ya ngazi ya juu kabisa, ambako njaa haipo, na huko haujanunua amani. Rutovu na Kinshasa ni ushahidi.

Pili, pale palipo na njaa, kinachotolewa ni uteuzi. Na anayeshika sahani ya aliyeshindwa ndiye anayeushika upinzani wote wa nchi. Hana haja ya kumfunga mtu, anamweka benchi tu kungoja kuitwa, kama yule mjumbe wa Rumonge aliyehamia Bujumbura. Tunashangaa kwa nini wapinzani wetu huhama vyama. Tuwaulize kodi ya nyumba wanalipa na nini.

Tatu, waliosimama wima baada ya kuanguka ni wale waliokuwa na kazi kabla ya siasa na wakaitunza wakiwa ndani ya siasa: michikichi, duka, chaki, mtumbwi. Hilo halihitaji sheria, ingawa sheria inaweza kulisaidia.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na nimelipima kwa ufagio wa yule mama wa Kabonga. Kila anayeshika kiti cha kuchaguliwa, kuanzia baraza la komine au kata hadi bunge, akatwe mchango kila mwezi. Akianguka, alipwe kutoka mfuko huo kwa miezi michache inayopimwa kwa miaka aliyotumikia, na malipo yakome siku anapopata kazi. Mwalimu na mganga waliochaguliwa warudishiwe kazi zao bila kuandika barua nyingi. Malipo ya viongozi wa juu yachapishwe kila mwaka, faranga kwa faranga, shilingi kwa shilingi. Na hakuna kiongozi apewe pensheni ya maisha katika nchi ambayo mvuvi wake hana mfuko anaoweza kujiunga nao. Mfuko huo uanze, ndipo waheshimiwa waingie humo pamoja na wapiga kura wao.

Nawe msomaji, mgombea akija mlangoni kwako safari ijayo, kabla hajakuahidi barabara na maji, muulize kazi yake. Kama hana kazi nyingine zaidi ya kukuomba kura, ujue siku atakayoanguka atakwenda popote atakapoitwa, na kura yako ataondoka nayo.